Bamvua Halisubiri Gari

Wewe umewahi kumweleza bahari mtu aliyekulia mteremkoni, kwenye maji ya mfereji? Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako. Mwamvua wa Sombetini ilimchukua Jumapili nzima, na chai ikapoa mara mbili.

Mwamvua alizaliwa Pangani, ila Arusha alikuwa amekaa miaka arobaini na mitatu. Huku ndiko alikomzika mumewe, na huku ndiko alikomzaa Abasi, mwanawe wa pekee, fundi friji. Asubuhi ya siku ile, mboga ya mnafu ikiwa bado haijaisha kuchambuliwa, dada yake Twahira alimpigia simu. Mtoto wa Twahira alikuwa anamhamishia Dar es Salaam mwisho wa mwezi, na ile nyumba ya Pangani ilishapata mpangaji.

"Mwezi unaandama Alhamisi," Twahira alisema. "Ijumaa na Jumamosi ni bamvua. Njoo twende mwambani, mara moja tu, kabla sijawa mtu wa ghorofani."

Tangu wakiwa wasichana, siku za bamvua maji yakipwa mbali saa nne asubuhi, wao wawili walijifunga kanga viunoni wakatembea mpaka kwenye mwamba, kila mmoja na kijiti chake, kuchokoa pweza kwenye mashimo. Walirudi midomo ikiwa mikavu kwa chumvi na kwa kucheka. Mara ya mwisho ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita.

Mwamvua akamwambia Abasi. Loo, kama angejua! Abasi alifurahi furaha ya kupitiliza. Kufika saa nane mchana safari ilishakuwa ya watu tisa, ndani ya Noah ya Yoeli, shemeji yake Abasi, na sufuria la pilau limeshapewa mpishi. Siku waliyopanga ni Jumamosi ya wiki ya pili, siku tisa baada ya mwezi kuandama.

"Siku hiyo itakuwa maji mafu," Mwamvua alisema. "Hayatoki mbali. Mwamba hamtauona."

Yoeli, aliyekuwa amekuja kunywa chai na kupanga safari, akacheka kwa upole. "Mama, ondoa shaka. Hiki ni kiangazi. Mfereji wetu kule mlimani umebaki kama mkojo wa mbuzi. Tukifika huko, bahari itakuwa imepungua yenyewe."

"Hilo nalo neno," Abasi alisema.

Mwamvua alifumba macho, akayafumbua. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, kana kwamba nao umechoka kusikiliza.

"Mwanangu Yoeli, kwenu maji ya mfereji anagawa nani?"

"Mzee wa mfereji. Kila boma na zamu yake."

"Haya. Baharini mgawaji ni mwezi, na jua ni msaidizi wake. Jua ni kubwa, ila liko mbali, kwa hiyo mwezi ndiye mwenye nguvu. Mwezi ukiandama, wote wawili wako upande mmoja, wanavuta maji pamoja. Yakijaa yanafika kwenye mizizi ya minazi, yakipwa yanakimbia mpaka unaona mwamba wote. Mwezi ukiwa mpevu, mmoja yuko huku na mwingine kule, lakini wamesimama mstari mmoja na sisi tuko katikati, basi ni bamvua tena. Ila mwezi ukiwa nusu, jua linavutia ubavuni. Wanaharibiana kazi. Maji yanajaa kidogo, yanapwa kidogo. Hayo ndiyo maji mafu, na ndiyo Jumamosi yenu."

Habari za siku za bamvua alifundishwa na mama yake. Habari za kuvuta alisomewa na mjukuu wake Namelok, wa kidato cha pili, kutoka kwenye daftari la jiografia, na alizishika vizuri kuliko mwenye daftari.

"Bibi anasema kweli," Namelok aliitikia kutoka jikoni. "Ilikuja kwenye mtihani."

"Ukapata ngapi?" Abasi akauliza.

Jikoni vyombo vikaanza kuoshwa kwa kelele.

Yoeli alikuwa anakuna kidevu. "Sasa huyo mzee wa mfereji wa baharini, mama, hahongeki? Kwetu ukimpelekea kibuyu cha pombe, zamu inasogea."

Abasi alicheka mpaka akamwaga chai. Mwamvua alichukua kitambaa akafuta meza, taratibu, kona zote nne.

"Si mwende Jumamosi hii?" akauliza.

"Jumamosi hii Yoeli amekodiwa, anabeba watu wa sherehe ya sendofu. Mama, bahari haihami! Wiki moja tu."

"Bahari haihami. Maji ndiyo yanayokwenda."

"Na huko mwambani unataka nini, kwa magoti hayo? Nitakununulia pweza sokoni, kilo mbili, ule mpaka useme basi."

Mwamvua alipeleka mnafu bombani, akauosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, ingawa hata ya pili yalikuwa yametoka safi. Alikuwa na hasira. Siyo kwamba walikuwa wabaya. Walikuwa wanampenda, na kila alipofungua mdomo walimwongezea abiria. Kila alichoeleza kilikuwa kweli, wala hakikusaidia kitu, maana alikuwa anaeleza maji, na lililomkaa moyoni hakuwa amelitaja. Alikuwa analizungukazunguka ili asimvunje mwanawe moyo.

Aliporudi ndani, Abasi alikuwa anakata simu, uso unang'aa.

"Mama, jirani yetu Anande naye anataka kuiona bahari. Tumefika kumi! Wewe utakaa mbele na Yoeli, umwonyeshe njia."

Mwamvua aliweka bakuli la mnafu mezani. Akakaa. Akaunyoosha mguu wa kulia, ule unaouma.

"Abasi."

"Naam, mama."

"Gari sikuomba, baba. Nataka kwenda peke yangu. Alhamisi alfajiri, kwa basi. Nataka kutembea mwambani na dada yangu, sisi wawili, bila mtu mwingine yeyote."