Tramu Nyuma ya Kiti

Theluji ilipokatika, Walt Baranek alilichimbua gari lake kwa sepetu mpaka jasho likamtoka. Akalitoa, akaweka kiti cha kukunja mahali lilipokuwa, akaenda kazini. Kwetu Pittsburgh, kiti kikishawekwa barabarani hakiguswi. Mtu anaweza kukuibia mke, lakini nafasi yako ya kuegesha utaikuta.

Asubuhi hiyohiyo reli zilichomoza kwenye lami, palepale zilipofukiwa zamani, na tramu, lile gari la reli la enzi hizo, ikapanda mlima taa zikiwaka. Ilimjia Bi Bernadette Hudak. Basi la mtaani lilikuwa limefutwa, teksi hazipandi mlima wetu wakati wa theluji, na dada yake Rosemarie alikuwa mahututi katika hospitali ng'ambo ya mto. Majirani wawili walilalamikia kelele za kengele.

Bi Hudak alipanda, akaketi dirishani na supu ya dada yake mapajani. Tramu ilisogea kidogo, ikasimama mbele ya kiti kilichokaa juu ya reli.

"Kiti cha nani hicho?" dereva aliuliza. Alikuwa marehemu wa siku nyingi, lakini mzaliwa wa hapahapa.

"Cha Walt."

"Aa, basi tena." Akazima taa, akafungua gazeti.

Jioni Bi Hudak alimgongea Walt mlango.

"Walt, mwanangu, kisogeze kidogo tu tramu ipite. Rosie ananiulizia."

"Bi Hudak, ikipita leo itapita kila siku. Mimi nikirudi niegeshe wapi, juu ya paa? Pale nimetoa jasho."

"Najua. Umechimba wewe."

"Si unaona? Jumapili sina kazi, nitakupeleka mwenyewe."

Alisema kweli, maana Walt si mtu mbaya. Tramu iliendelea kuja kila asubuhi, Bi Hudak akapanda, wakakaa nyuma ya kiti mpaka supu ikapoa. Ijumaa alishuka, akakishika kiti kwa mikono miwili. Barabara ilikuwa tupu. Aliona haya, akakiachia, akarudi ndani.

Rosemarie alifariki mchana huo, akimuuliza nesi kama barabara zimefunguliwa. Kiti chenyewe ni chepesi, hata mtoto angekibeba. Bi Hudak anajuta.

Siku ya mazishi Walt alikuja na paja la nguruwe la kuoka, amevaa tai, akasema atampeleka kanisani. Alilitoa gari taratibu. Reli zikawa wazi mpaka chini mtoni. Tramu ilikuwa pale, na dereva alikuwa amevua kofia. Akagonga kengele mara moja.

"Bi Hudak, hebu nisaidie hapo," Walt alisema dirishani.

Bi Hudak alikichukua kiti kando ya njia, akakikunjua, akakiweka juu ya reli. Akakitikisa kuhakikisha kimetulia, kisha akaingia garini.