Wakala wa Chumba Namba Tatu

Watoto wa mtaani ndio waliompa jina la Mama Uzi, kwa sababu hakosi kipande cha uzi begani, hata Jumapili. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na kiongozi wa kwaya kwa miaka kumi na moja. Watu walimwamini. Ukimpelekea kitambaa, mabaki yote yanarudi, hata yale yasiyotosha kiraka.

Ndiyo maana mwenyekiti wa tawi la chama chake, alipotafuta wakala wa kukaa kituoni siku ya uchaguzi wa diwani, hakuzunguka sana. Alikwenda kibandani kwake, akamweleza kazi yenyewe: kuangalia upigaji kura, kushuhudia hesabu, kutia sahihi. Mama Uzi alikubali papo hapo. Mgombea wao alikuwa mkunga mstaafu aliyepigania zahanati ipate maji mpaka yakapatikana, na yeye alitamani sana mama yule ashinde.

Habari zikamfikia kaka yake kabla ya jioni. Kaka huyu alikuwa seremala na mzee wa kanisa, na katika miaka yake sitini na miwili hakuwahi kupiga kura hata moja. Kwake siasa ilikuwa matope, na mtu mwenye nguo safi hupita mbali. Alikuja na vumbi la mbao bado nyusini. Hakupandisha sauti. Alimwambia dada yake kwamba mabwana wawili hawatumikiwi na mtu mmoja, kwamba kwaya ina watu wa vyama vyote, na kwamba uongo wa wanasiasa huambukiza kama mafua. Mwisho akamwomba aiache kwaya mpaka uchaguzi upite.

Neno hilo lilimchoma Mama Uzi. Alinyoosha pindo lililokuwa mbele yake, akalinyoosha tena.

"Kaka, chumvi ikikaa koponi itamkolea nani?" alisema. "Kwaya nitaiacha, maana umeniomba kwa heshima. Lakini kituoni nitakwenda, na Mungu nitakwenda naye. Simwachi mlangoni kama viatu."

Kaka yake aliondoka bila kumaliza chai.

Wiki tatu zilizofuata, Mama Uzi alikaa benchi la nyuma kanisani, akiimba kwa sauti ya chini. Katika sala zake hakuomba chama chake kishinde. Aliomba tu asije akafanya jambo litakalomfanya ainamishe uso.

Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi, chumba namba tatu, madawati yakiwa yamesogezwa ukutani. Kando ya Mama Uzi alikaa wakala wa chama pinzani, fundi baiskeli mwenye grisi isiyotoka kuchani. Asubuhi walisalimiana kwa tahadhari. Kufika adhuhuri walikuwa wanataniana kuhusu bei ya suruali.

Saa kumi jioni kura zilimwagwa mezani na hesabu ikaanza, mabunda ya hamsini hamsini yaliyofungwa kwa mpira. Kazi ilipokaribia kwisha ukazuka ubishi juu ya kura moja iliyoharibika. Msimamizi na fundi baiskeli wakaiinamia. Wakati huohuo karani, macho yamemlegea kwa uchovu, akachukua bunda na kuliweka kwenye rundo la mkunga.

Mama Uzi aliliona. Alama kwenye karatasi ya juu ilikuwa ya mgombea yule mwingine. Akainua macho, akakutana na ya mwenyekiti wa tawi, aliyesimama nje ya dirisha. Naye alikuwa ameona. Mwenyekiti akaweka kidole mdomoni.

Kura hamsini. Mama Uzi alimfikiria mkunga, akaifikiria zahanati. Hakuna mwingine ambaye angejua. Kisha akasimama.

"Samahani, msimamizi. Bunda hilo si letu."

Mabunda yakafunguliwa, yakahesabiwa upya. Mkunga, mia na themanini na moja. Mpinzani wake, mia mbili thelathini na moja. Mama Uzi akatia sahihi.

"Umetuuza, mama," mwenyekiti alimwambia mlangoni.

"Sijamuuza mtu, mwenyekiti. Nimekataa tu kupokea cha wizi."

Alitembea kwenda nyumbani akilia, akiamini amemzamisha mkunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi watu walifurika ofisi ya kata. Kaka yake pia alikuja, maana alihofia vurugu na hakutaka dada yake awe peke yake. Matokeo ya vituo vyote yakasomwa, na mkunga akatangazwa mshindi kwa kura kumi na tisa.

Upande wa pili ukaanza kunguruma. Kumi na tisa! Wameiba hawa! Watu wakasukumana, mmoja akaokota jiwe. Ndipo fundi baiskeli akapanda juu ya benchi.

"Jana yule mama pale alitukabidhi kura hamsini ambazo mimi sikuziona," alisema, akimwonyesha Mama Uzi. "Angenyamaza, zingekuwa zao. Kama angekuwa mwizi, angeanzia hapo. Mimi nimeshindwa na nimekubali. Weka jiwe chini, ndugu yangu."

Jiwe likawekwa chini. Mgombea aliyeshindwa akapita katikati ya watu, akampa mkunga mkono, na vigelegele vikapasuka pande zote mbili. Mwenyekiti wa tawi alikuwa tayari anawaambia watu, kifua mbele, kwamba yule ni wakala wao.

Kaka yake akapenya katikati ya watu mpaka akamfikia Mama Uzi. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mdogo wangu, nilikosea," alisema. "Kujiandikisha kupiga kura ni wapi?"

Mama Uzi akacheka mpaka akamshika bega asianguke. Alimwambia asubiri miaka mitano, na kaka mtu akajibu kwamba amesubiri sitini na miwili, mitano si kitu.

Jumapili hiyo kaka mwenyewe alimshika mkono, akampeleka mbele ya kwaya. Fundi baiskeli, ambaye kanisa alikuwa akilijua kwa nje tu, alikaa safu ya kwanza na shati lililopigwa pasi. Mama Uzi akainua mikono, na wote wakaimba, hata wenye sauti za debe, mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza.