Matunguu ya Mama Mkwe

Mama mkwe alinipa matunguu sita ya maua meupe, yanayofanana na vitunguu vya kupikia, akayaweka kiganjani mwangu moja moja.

"Ncha juu, mizizi chini, na usiyazamishe kwa maji," akasema. "Nikija miezi miwili ijayo nikayakuta hai, debe zima la matunguu yaliyobaki ni lako. Yakikufia, nampa mke wa shemeji yako."

Jamani! Debe lile ndiyo bustani yake ya miaka arobaini. Alikuwa anahamia kwa wifi yangu, ghorofa ya tatu, kusiko na udongo hata wa kuchafua ukucha. Nami tangu niolewe, miaka kumi na moja, mama huyu hajanikabidhi hata kijiko. Na mke wa shemeji, Mungu anisamehe, huyo hata magugu yanamfia.

Nikatoboa ndoo sita, nikachanganya udongo na mchanga ili maji yasituame, nikapanda. Tatizo likawa mimi. Mimi ni fundi cherehani, siachi nguo kabla sijaigeuza nione mshono kwa ndani. Siku ya nne nikafukua tunguu moja nione mizizi. Bado. Siku ya sita nikafukua yote.

"Hivi wewe," mume wangu akauliza, mswaki mdomoni, "nikikufunua shuka kila saa nione kama umelala, utalala?"

"Piga mswaki wako!"

Mwezi ulipoisha, manne yalikuwa yameoza. Vimizizi vyake vyembamba kama uzi nilivikata mwenyewe kwa vidole hivi. Nililia, sifichi. Na siku hiyohiyo mama mkwe akapiga simu kuuliza hali ya maua.

"Hayajambo, mama," nikajibu. Uongo mkavu.

Haraka haraka haina baraka nimeisikia tangu utotoni, haijanisaidia hata siku moja. Kinachoniweza mimi ni mshono. Nikazivika zile ndoo mbili zilizobaki kitambaa kizito, nikaacha tundu dogo katikati la maji na chipukizi, nikakishona kwa mkono, mshono juu ya mshono. Mkasi ninao, ndiyo, lakini siwezi kukata kazi safi niliyoishona mwenyewe.

Siku ya mama mkwe ikafika. Ndoo moja ilikuwa na chipukizi la urefu wa kidole. Ya pili, kimya. Akazitazama zile ndoo zilizovaa nguo, akanitazama mimi.

"Manne yamekufa, mama," nikasema. "Nilikuwa nayafukua. Na kwenye simu nilikudanganya."

Mama mkwe akavuta kigoda karibu na ile ndoo iliyo kimya, akapenyeza kidole tunduni, akaanza kuchokonoa udongo.

Nikamchapa mkono. Paa!

"Mama! Litashika mizizi saa ngapi ukilichokonoa?"

Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli jikoni. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Mama mkwe akautazama mkono wake, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Miaka kumi na moja hujawahi hata kunibishia, leo unanichapa kwa ajili ya tunguu," akasema. Akamwita mwanawe: "Wewe uliyejificha! Nenda kateremshe debe la mkeo, limo kwenye gari."

Halafu akaikalia mikono yake yote miwili, asije akachokonoa tena.