Risasi Ilimpata Kinyozi

Ting.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na katika giza la jikoni kitu kidogo kiligonga ukingo wa sufuria. Ting, tena. Mshonaji aliacha kupapasa kiberiti akatega sikio. Panya huguguna, hagongi. Alipowasha mshumaa aliiona risasi imekaa juu ya mfuniko, pua imebonyea, ubavuni ina damu iliyokauka. Ilinukia spiriti ya kinyozi. Hapo akajua ni ile iliyomuua kaka yake.

"Haya, umefika," alisema, akaifunika kwa bakuli na kuliweka juu kabatini, mtoto asije akaimeza.

Kaka yake alipigwa mchana kweupe, dukani kwake, akimnyoa mpwa wake. Askari aliyekuwa akimsaka mtu mwingine alisimama mlangoni akapiga kelele, "Tupa silaha!" Kinyozi aliinua mikono yote miwili. Mmoja ulikuwa na mashine ya kunyolea, inanguruma. Askari alimpiga shingoni. Damu iliruka hadi kwenye kioo, ikachuruzika kwenye shuka aliyofungwa mtoto, na mashine ikaendelea kunguruma sakafuni katikati ya nywele mpaka mtu alipokumbuka kuchomoa waya. Mtoto alirudi nyumbani upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine una nywele. Hakukubali mtu amalizie.

Kesho yake gazeti liliandika mtandaoni: *Risasi ilimpata kinyozi.*

Mshonaji alikuwa na blogu yake ya mishono, akina mama wakiifuata kwa ajili ya kola na marinda. Pia alikuwa amesoma shule ya jioni, ambako mwalimu wa lugha hakumruhusu mtu kukaa kabla hajataja kiima cha sentensi yake. Na nyumbani alikuwa na binti wa miaka minne ambaye, kama watoto wote, hakuwahi kuvunja kitu. "Kikombe kimevunjika," binti husema. "Nani amekivunja?" mama huuliza. Binti hujikuna kichwa upande wenye nywele.

Basi chini ya picha ya gauni la harusi, mshonaji aliandika: *Risasi haina miguu. Gazeti zima linasema kama mtoto aliyevunja kikombe. Nani alipiga?*

Gazeti lilijibu siku hiyohiyo: *Fundi cherehani arudi kwenye vifungo vyake. Tunarudia: risasi ilitoka yenyewe.*

*Ikitoka yenyewe,* aliandika, *muwe mnaifungia mlango.*

Wasomaji walicheka, wakatukanana, wakagawanyika kambi mbili. Lakini gazeti lile lilikuwa la siku nyingi na lina heshima zake, likishaandika, limeandika. Risasi zikaanza kutoka zenyewe. Moja ilipita sokoni ikamng'oa seremala sikio. Nyingine ilisubiri bombani, zamu ya mwanamke mmoja ilipofika ikamwingia tumboni. Akakaa juu ya ndoo yake, akafa, na maji yakaendelea kujaza ndoo ya mwenzake. Nyingine ilikata kona mbili kumfuata mwanafunzi mpaka chini ya kitanda. Bunduki za kituoni zilikaguliwa, zikakutwa safi. Gazeti liliripoti kila kifo kwa sentensi ileile, likibadilisha kazi ya marehemu tu.

Watu walizoea. Walitembea na mifuniko ya sufuria vifuani, wamefunga kwa kamba.

"Mwenzangu," jirani alikuja kusema dirishani, "wangu umetoboka jana. Niazime ule wako wa wali, nifike kliniki."

"Urudi nao, lakini. Na wewe pia urudi."

Asubuhi baada ya risasi kuja, mhariri wa gazeti alipiga simu.

"Dada, lifute lile andiko. Wenyewe wa kituoni wamekasirika, wanakuja leo. Wakikuchukua, hako katoto utamwachia nani?"

Mshonaji alimtazama binti yake akipanga vifungo sakafuni.

"Andika nani alipiga, nitafuta hata blogu nzima."

"Kiima kinaleta kesi, dada."

"Dada yako tangu lini? Nilikuwa na kaka mmoja tu."

Walikuja mchana, mhariri na askari. Alikuwa askari yuleyule. Mshonaji hakuinuka kwenye cherehani. Alimalizia mshono, akakata uzi kwa meno.

"Simu," askari alisema.

"Sifuti."

Askari alimzaba kofi, mshonaji akaanguka pamoja na kiti, mdomo ukapasuka. Mtoto hakulia. Juu kabatini bakuli lilianza kutikisika. Lilitikisika mpaka ukingoni, likaanguka, likavunjika. Risasi ikabiringika sakafuni, ikapita katikati ya vifungo bila kukigusa hata kimoja. Mhariri aliinua mguu kuipisha. Ilipanda buti la askari, ikapanda goti, ikapanda mkanda, ikaingia mfuko wa shati na kutulia humo kama kifaranga chini ya bawa.

"Imemjua mwenyewe," alisema jirani dirishani, mfuniko wa wali kifuani.

Askari aliupapasa mfuko, kwa kuwa ulikuwa na joto. Mhariri alitoa simu yake akaandika, *Risasi iliyopotea yapatikana*, akairusha mtandaoni, kisha akaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyempa.

Askari aliokota simu ya mshonaji, akamshika mwenyewe kidole na kukibonyeza juu ya kioo mpaka ikafunguka. Andiko lilifutwa. Gauni la harusi lilibaki, peke yake. Kisha akamfunga pingu, tondoo ya kushonea ingali kidoleni.

"Mshike mkono," mshonaji alimwambia jirani, damu ikimtoka mdomoni. "Ugali hali bila mboga. Na asikanyage vigae."

Jirani aliingia, akamshika mtoto mkono. Mhariri aliinama kidogo, kwa upole wa mtu aliyemaliza kazi, akatazama vipande vya bakuli, kisha kile kichwa cha mtoto kilichonyolewa nusu.

"Na hili bakuli, mama mdogo? Limevunjika?"

Mtoto alimtazama mama yake mlangoni, akamtazama mwenye buti, akasema kwa sauti, "Askari alimpiga mjomba risasi."