Jina la Bwato

Jumatatu Mwiche, fundi wa kompyuta wa ofisi yetu, aliweka kwenye seva ukurasa wa mafaili ya wakimbizi, ili ofisi ya Lusaka iyasome bila kuja huku Nchelenge.

Leo nilimuuliza neno la siri la kuufungua.

“Twalumba, mama Clotilde. Jina ya bwato yetu. Hakuna mutu ataisahau.”

Jina hilo limepakwa rangi nyeupe ubavuni, na kila siku bwato, mashua ya ofisi, huvuka ziwa kwenda Kongo kuchukua watu, mbele ya macho ya wale niliowakimbia.

“Badilisha. Kisha uangalie nani ameingia.”

Alisoma orodha polepole. Jana mtu wa Lubumbashi, kule Kongo, alifungua faili moja tu. Ni langu, na ndani mmeandikwa nyumba ninamolala.