Mayai ya Droo ya Kumi na Nne

Usikatae. Ulipita pale makumbusho na watoto wako, ukainamia simu, ukatoka. Ungeinua macho ungemwona mwanamke mwenye koti jeupe akiifungua droo ya kumi na nne kwa kuipiga goti, maana hukwama.

Ndiye Mama Pamba. Jina alibandikwa kazini, kwa kuwa miaka thelathini amekuwa akichuna ndege waliokufa na kuwajaza pamba. Ndani ya droo alilala chali ndege wa matete mwenye kisogo chekundu, wa mwisho kukamatwa kwenye bwawa la karibu. Alimshona mwenyewe, akampishanisha miguu, akamfunga lebo.

Jumanne ile ndege alikuwa ametaga.

Yai lilikuwa na joto. Mama Pamba akalipeleka kwa Mkurugenzi, aliyekuwa akichovya mkate kwenye chai.

"Lina uhai, bosi."

"Toboa, puliza, andika namba. Utaratibu unaujua."

Aliujua. Alitoboa kwa sindano, akapuliza kwa mrija. Kiini chenye uzi wa damu kikateremka kwenye sinki. Jumatano ndege akataga tena, Mama Pamba akatoboa. Alhamisi, akatoboa. Maganda matatu yakapangwa kwenye sanduku la kioo, yakapendeza, mgeni mmoja akayapiga picha.

La Ijumaa alilitia kifuani, akaenda nalo bwawani. Nusu ya bwawa ilikwisha kuwa kifusi. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa akirudisha lori nyuma kumwaga kingine.

"Shemeji, ngoja kwanza. Nimeleta yai."

"La kukaanga?"

"La mwenye bwawa."

Shemeji akatoa kichwa dirishani. "Mimi nina tripu sita, shemeji. Halafu msinichezee akili. Karatasi ya kufukia hapa imetoka kwenu makumbusho. Inasema huyo ndege hayupo tena. Sahihi ya tatu ni yako, nimeiona kwa macho yangu."

Ilikuwa yake kweli. Aliitia siku walipokuja watatu, yeye na wenzake wawili wa kazini, kuhesabu ndege, wakahesabia ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kwa sababu ya mbu.

Yai likapasuka kiganjani. Kifaranga kikatoka, kisogo chekundu, kikatembea juu ya matofali yaliyovunjika hadi pale matete yalipokuwa kabla ya kufukiwa. Kikasimama. Kikageuka, kikatangulia njia, Mama Pamba nyuma yake, mpaka makumbusho. Mlinzi akawafungulia geti, akaandika daftarini: mfanyakazi mmoja, kifaranga kimoja. Kikapanda hadi droo ya kumi na nne, kikalala chali ubavuni mwa mama yake, kikapishanisha miguu.

"Safi," alisema Mkurugenzi. "Huyu hata kumchuna hatuna haja."

Mama Pamba alishika uzi wa lebo mpaka vidole vikamfa ganzi. Kifaranga kikamnyooshea mguu. Akaifunga lebo.

Ndege anataga bado, na kila yai linatobolewa. Ile nusu nyingine ya bwawa ina matete hadi leo. Lori la kwanza hufika saa moja asubuhi, na shemeji ni dereva mzuri, hajawahi kumgonga mtu. Basi weka hiyo simu mfukoni, ukasimame mbele ya lori hilo. Kesho asubuhi, si mwakani.