Mkono Uliochora Mabati

Wewe unayenisikiliza, umewahi kumwona mtu akifagia maneno?

Umurerwa aliyafagia kila asubuhi, baada ya kumimina chai na kabla ya kuchonga penseli. Kazi yake ilikuwa hapa Kamembe, katika chumba cha nyuma ambacho baba yake, Nasiri fundi wa vitanda, alimpangisha Mjapani, Mzee Shigezo, mchoraji wa manga, vile vitabu vya hadithi za picha vinavyosomwa kutoka kulia. Daktari alimwambia mzee huyo atafute mji wenye ziwa na utulivu. Ziwa alilipata.

Ndani ya chumba kile, lolote lililosemwa lilitoka mdomoni limefungwa katika puto jeupe lenye mkia, kama vitabuni mwake, likapanda na kukaa juu mpaka mtu alitoe. Ya wageni yalikuwa laini, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ya Mzee yalikuwa na miiba pande zote. Maman Gaju wa jirani alikuwa akiingia humo kumtukana mke mwenzake, kisha anatoka akilivuta tusi kwa mkia aende kumwonyesha.

"Huyu mzee anasemaka kama misumari," Nasiri alilalamika. "Ametoboa tena chandarua."

Ujanani, Shigezo alikuwa msaidizi wa mchoraji mkubwa huko Osaka. Alipaka wino nywele za watu wa kwenye picha, akafuta mistari ya penseli, akachora mvua na paa za nyumba. Bwana wake alichora nyuso tu, na jina kwenye jalada likawa la bwana. Alimchukia mpaka siku alipomzika. Kisha akaanza hadithi yake mwenyewe, ya mwanamke anayetafuta kaburi la mama yake, nayo ikadumu kuliko ndoa yake.

Sasa mkono wa Mzee ulitetemeka. Umurerwa, msaidizi wake, naye alianza na mvua na paa. Baadaye mikono, baadaye nyuso. Mwaka huu hata macho, ambayo msaidizi haruhusiwi kuyagusa. Alikosea jambo moja: paa la vigae la Japani hakuwahi kuliona, basi akachora mabati yenye kutu, yaliyokandamizwa kwa mawe, kama ya kwa shangazi yake kijijini Gitambi. Mzee hakugundua.

Wasomaji wa huko waligundua, wakayapenda. Mhariri akapiga simu kusifu.

"Ni mkono wangu," Mzee akajibu kwa Kijapani. "Uzee umeufungua."

Puto likapanda na miiba yake. Umurerwa, ambaye ndiye aliyeandika herufi za Kijapani kwenye kurasa kila siku, akalisoma bila shida. Alipolisukuma kwa ufagio lilimchana kidole. Akakifunga kitambaa, damu isije ikadondokea karatasi.

Nasiri akalikuta likivutwa uani. "Hili linasema nini?"

"Linasema mkono ni wake, Papa."

"Na huo wenye kutoka damu ni wa nani?"

Umurerwa akaliegesha ukutani kando ya mbao.

Kitabu cha mwisho cha hadithi ile kilipokwisha, yeye mwenyewe ndiye aliyeandika jina la Shigezo kwenye jalada. Mzee akagonga mhuri wake mwekundu.

"Kwetu msaidizi hana jina," akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Hata mimi sikuwa nalo."

Puto la maneno hayo likapasua balbu. Nasiri akaenda kununua nyingine. Kijana wa moto, pikipiki ya abiria, akachukua kifurushi cha kurasa, na kufikia adhuhuri ndege iliyokibeba ilikuwa imeshapita juu ya nyumba.

Alasiri Mzee alikuwa anakata karatasi za hadithi mpya. Akamsukumia Umurerwa kifutio.

"Futa."

Umurerwa hakukigusa. Alikaa, mikono mapajani, wino mweusi kwenye kucha.

"Uko na nini leo? Unataka nini, wewe?"

"Nilitaka jina langu, Mzee. Na bado ninalitaka. Umurerwa binti Nasiri, pale juu kwenye jalada, pembeni ya lako."